Sierra Nevada ina milango mitatu: uingilie Yosemite, Sequoia, au uzunguke mashariki?

Kila ikifika Februari simu yangu huanza kuleta swali lile lile. Mara ni rafiki wa Minnesota, mara shemeji wa Houston, na mwaka huu ni dada yangu wa Mwanza anayekuja na mama mwezi wa tano: "Tukifika California utatupeleka mlima upi? Yosemite, ule wa miti mikubwa, au ule wa jangwani uliouweka kwenye status?"

Dada, huo ni mlima mmoja. Yote mitatu ni Sierra Nevada, safu yenye urefu wa kilomita 640 hivi kutoka kaskazini kwenda kusini na upana wa kilomita 80 mpaka 130. Unachochagua ni mlango wa kuingilia. Ila mlango ukishauchagua umechagua na hali ya hewa, na barabara, na uchovu, na hata saa ya kupiga picha, ndiyo maana naandika kwa kirefu badala ya kujibu kwa sauti ya dakika mbili. Mimi naishi Fresno, bondeni kabisa, mita 94 tu juu ya usawa wa bahari, na milango yote mitatu nimeingia zaidi ya mara moja. Ninao ninaoupenda. Nitausema.

Umbo la mlima kwanza

Waliosoma bweni wanalikumbuka tranka. Inua mfuniko kidogo, kama mtu anayechungulia kama biskuti zake bado zipo. Nyuma kwenye bawaba mfuniko unapanda taratibu. Mbele penye kufuli pana mwanya uliokatika wima. Sierra Nevada imekaa hivyo hivyo. Bawaba iko magharibi, imefukiwa chini ya mashamba ya lozi na zabibu ya bonde hili la kati. Mdomo uko mashariki. Bonge kubwa la mwamba lilikatika kwenye ufa wa ardhi upande wa mashariki, likainuka upande huo na kulalia huku kwetu.

Kwa hiyo ukitoka Fresno unapanda polepole. Kwanza majani makavu na mialoni, halafu misonobari, halafu hewa inapoa unafunga kioo cha gari, na bado mgongo wa safu uko mbali huko mbele. Ukitokea mashariki hakuna "kwanza" wala "halafu". Mji wa Lone Pine uko mita 1,136 juu ya bahari, yaani karibu sawa kabisa na maji ya Ziwa Viktoria. Kilomita 21 kutoka hapo, kwa mstari ulionyooka, kuna kilele cha Mlima Whitney, mita 4,421, kirefu kuliko vyote Marekani ukiiweka Alaska pembeni. Sasa simama kwenye mwalo pale Mwanza mjini, kisha uwaze kwamba kabla hujavuka Kisesa mwamba umeshapanda mita 3,300 juu ya kichwa chako. Kibo ni kirefu zaidi, hilo halina ubishi, lakini Kibo ni volkano, inapanda kwa heshima. Huu ni ukuta.

Na ukuta haujatulia. Tarehe 26 Machi 1872 ufa huo ulicheza usiku, ukaiangusha Lone Pine na kuua watu 27. Kingo ya ardhi iliyopanda siku ile bado inaonekana nje kidogo ya mji. Ukipita kwa miguu utadhani ni tuta la mfereji wa zamani.

Umbo hilo ndilo linaloamua mvua pia. Mawingu ya Pasifiki yanakuja kutoka magharibi, yanalazimika kupanda mteremko, yanapoa, yanamwaga mvua na theluji huku. Yakifika upande wa pili yamebaki makapi. Bonde la Yosemite hupata milimita 900 na zaidi kwa mwaka. Bishop, upande wa mashariki, hupata kama 130. Safu ile ile. Huku misitu mizito, kule vichaka vya rangi ya majivu vyenye harufu kali kama ya dawa ya mitishamba, ambayo mimi mwenyewe nimeshaizoea mpaka naikosa.

Sasa kosa ambalo wageni wote hulifanya, na mimi nililifanya mwaka wangu wa kwanza. Wanaangalia ramani kwenye simu, wanaona Fresno hapa na Lone Pine pale, kilomita 155 hivi, wanasema asubuhi Sequoia, jioni Whitney. Hakuna barabara. Kutoka njia ya Tioga kaskazini mpaka njia ya Sherman kusini, zaidi ya kilomita 200 za mgongo wa mlima, gari halivuki. Inabidi ushuke Bakersfield, uzunguke mkia wa safu, upande tena kaskazini; safari ya zaidi ya kilomita 400. Na Tioga yenyewe, mita 3,031, hufungwa na theluji kuanzia Novemba hivi mpaka Mei au Juni. Mwaka 2023 theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba waliifungua Julai 22. Basi kama una siku tatu, chagua upande mmoja ubaki huko.

Yosemite: mawe yenyewe

Mtu aliyekulia Mwanza haogopi mawe. Tumecheza juu ya majabali, tumeanika nguo juu yake, wengine wamejenga jiko juu yake. Hata hivyo siku ya kwanza nilipotokea kwenye handaki la barabara ya Wawona na bonde la Yosemite likafunguka mbele, nilipunguza mwendo mpaka wa nyuma akapiga honi.

El Capitan ni jabali moja la mita 900 hivi kutoka chini hadi juu, limesimama. Sikusema kilima chenye mawe, jabali moja. Half Dome, nusu kuba, imepita sakafu ya bonde kwa mita 1,440 hivi. Na vyote hivi ni granaiti, ile iliyoandikwa itale kwenye kamusi: mwamba ulioyeyuka ukaganda taratibu chini sana ya ardhi, zamani za dinosaria, miaka milioni 85 mpaka 100 na kitu iliyopita. Tabaka za juu zikamomonyoka zikaisha, granaiti ikachomoza. Ilipotolewa ule mzigo mgongoni ikaanza kutanuka na kubanduka gamba kwa gamba kama kitunguu maji. Ndiyo maana utaona kuba nyingi za mviringo huko juu. Mto ulichimba bonde, halafu barafuto, yaani mito ya barafu inayotembea, ikaja kulipanua na kunyoosha kuta zake. (Granaiti ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kwa umri, Jiwe la Bismarck ni bibi na El Capitan ni kitukuu. Nimewaambia Wamarekani kadhaa hili, hawakufurahi sana.)

Uzuri wa Yosemite kwa mtu anayechagua ni kwamba kila kitu kiko karibu. Bonde lina urefu wa kilomita 12 hivi, basi la bure linazunguka ndani, na njia ya chini ya maporomoko ya Yosemite ni tambarare, hata kiti cha magurudumu kinapita. Maporomoko hayo yana jumla ya mita 739. Mwezi wa tano, theluji inapoyeyuka, unayasikia kabla hujayaona, na umande unakulowanisha usoni ukiwa bado darajani. Ila sikilizeni: Agosti mara nyingi yamekauka. Nimewapeleka wageni Agosti wakatazama ukuta mkavu wenye doa jeusi, wakaniangalia mimi, kana kwamba nimefunga bomba.

Pia ndiyo mlango pekee wa maana kwa asiye na gari. Mabasi ya YARTS huingia kutoka Fresno na Merced, na Merced unafika kwa treni.

Ubaya wake ni watu. Takribani milioni 4 kwa mwaka, na wengi wao wanataka kuegesha gari mahali pale pale saa nne asubuhi. Tulikwenda Jumamosi moja ya Julai, familia nzima, tukakaa foleni, tukaingia, tukazunguka bonde mara tatu bila kupata nafasi, mwishowe tukala pilau juu ya buti la gari kando ya njia na kurudi nyumbani. Tangu siku ile siendi Yosemite mwisho wa juma la kiangazi hata mtu aniahidi nini. Tangu 2020 kuna miaka ambayo kuingia kumehitaji kuhifadhi nafasi kwanza, na utaratibu hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalieni wa mwaka wenu kabla hamjakata tiketi ya ndege.

Kupanda Half Dome kwa zile kamba za chuma kunahitaji kibali cha bahati nasibu. Kamba ziliwekwa mara ya kwanza 1919, huinuliwa kwenye nguzo kuanzia mwishoni mwa Mei hivi mpaka katikati ya Oktoba, na nasema wazi kwamba mimi sijapanda na sina mpango.

Sequoia na Kings Canyon: kivuli

Hapa granaiti inakaa nyuma, miti inakaa mbele. Misekwoya mikubwa haioti yenyewe popote duniani isipokuwa mteremko wa magharibi wa Sierra Nevada, kwenye ukanda mwembamba wa kimo, kuanzia mita 1,400 hivi mpaka kama 2,150, mahali penye theluji ya kutosha lakini pasipo na baridi ya kupasua. Mti uitwao General Sherman una urefu wa karibu mita 84 na umri unaokisiwa kuwa kama miaka 2,200. Si mrefu kuliko miti yote wala si mnene kuliko yote. Kwa ujazo wa shina ndiyo hakuna unaoufikia. Picha haiutoshi. Mwanangu alipokuwa na miaka mitano aliuliza kama ni nyumba.

Gamba lake linaweza kufika unene wa sentimita 60, ni laini, ukiligonga kwa kidole linatoa sauti ya godoro. Hilo ndilo lililokuwa likiukinga na moto karne zote hizo. Na joto la moto husaidia koni zake kufunguka na kumwaga mbegu. Lakini mioto ya 2020 na 2021 ilikuwa ya aina nyingine, iliua maelfu ya misekwoya mikubwa iliyokuwa imestahimili yote. Ndiyo ile mwaka 2021 walipolifunga shina la General Sherman kwa karatasi za alumini. Ukipita leo utaona vilima vizima vimesimama vijiti vyeusi. Mpite tu, msigeuze macho.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwa nawaambia watoto wetu wa Kiafrika wanaokulia huku. Mwaka 1903 msimamizi wa hifadhi hii alikuwa Kapteni Charles Young, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky 1864, na askari wake weusi wa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi ndio waliomaliza barabara ya kwanza ya magari ya farasi kufika Giant Forest. Ilikuwa imesuasua miaka. Wao waliimaliza kiangazi kimoja.

Jabali la Moro Rock lina ngazi zaidi ya 350 zilizochongwa na kumiminiwa zege, na kutoka juu unaona safu ya vilele vyenye theluji. Kila mgeni husema "ile ndiyo Whitney." Siyo. Ile ni Great Western Divide, safu ndogo iliyosimama katikati, na Whitney imejificha nyuma yake. Kwa upande wa magharibi huwezi kuiona Whitney ukiwa barabarani, hata uende kona ipi. Mlima mrefu kuliko wote na wenyeji wa huku kwetu hatuuoni! Hilo peke yake lilinifanya nianze kwenda mashariki.

Kings Canyon, hifadhi pacha, ina korongo refu la kina ambalo barabara yake inashuka kona kwa kona kisha inafika mahali panapoitwa Road's End, na kweli inaishia hapo. Majira ya baridi inafungwa. Ni pazuri, pametulia, na sina zaidi la kusema.

Mineral King ndiyo kona yenye vituko. Barabara ina kona karibu 700 katika kilomita 40. Mwanzoni mwa kiangazi kuna mamoti, mnyama kama pimbi wa Saanane aliyenenepa, ambaye hutafuna mipira ya maji chini ya boneti. Watu hufunga gari zima kwa turubai kama wanapeleka mzigo wa samaki. Nilidhani ni utani mpaka nilipokaa kwenye maegesho na kuhesabu magari manne yamevaa turubai la buluu.

Na dubu. Dubu weusi wapo milango yote mitatu, lakini ni Sequoia nilipofundishwa adabu. Unapolala kambini, chochote chenye harufu kinaingia kwenye kabati la chuma: chakula, dawa ya meno, losheni, hata kiti cha mtoto chenye makombo. Mimi nilikuwa na dagaa wa Mwanza kwenye buti, pakiti iliyofungwa mara tatu, nikajiambia dubu wa Marekani atajua nini habari za dagaa. Askari wa hifadhi alipita jioni, akasimama hatua tano kutoka kwenye gari langu, akanusa, akauliza kwa upole kabisa, "Bwana, una nini humo ndani?" Nililala salama. Dagaa walilala kabatini.

Mashariki: ukuta

Huu ndio mlango wangu.

Unatoka Los Angeles, saa tatu na nusu hivi kwa gari, unaingia barabara namba 395, na Sierra inakuwa mkono wako wa kushoto kilomita baada ya kilomita bila kukatika. Ufike Lone Pine usiku, ulale, uamke kabla ya alfajiri. Ukuta umetazama mashariki, kwa hiyo jua la kwanza linapiga vilele kabla halijafika mjini. Kwa dakika kama kumi granaiti inakuwa rangi ya nyama ya pera, halafu ya chungwa, halafu inarudi kijivu na habari imekwisha. Ikifika alasiri jua limekaa nyuma ya mlima, huna picha. Yosemite ni kinyume chake: pale kwenye mandhari ya lile handaki la barabara unatazama mashariki, asubuhi jua linakuchoma machoni, jioni ndipo mawe yanawaka. Nimeona watu wakiendesha gari kwa muda wa saa nne kuwahi saa isiyo sahihi, pande zote mbili.

Kati ya mji na ukuta kuna Alabama Hills, uwanja wa mawe ya mviringo yaliyopangana na kubebana, mengine yametoboka katikati yakawa madirisha. Filamu nyingi za wachunga ng'ombe zilipigwa hapo. Mama alipokuja mwaka 2018 nilimpeleka kwa fahari, nikaegesha, nikamfungulia mlango. Akashuka, akajifunga khanga vizuri kwa ajili ya upepo, akatazama huku na huku kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo nimepanda ndege tatu kuja kutazama Bugando?"

Bugando ni kilima cha mawe pale kwetu Mwanza, na mama hakukosea. Ni granaiti ya ukoo mmoja na ile ya vilele vya Whitney vilivyochongoka hapo juu; tofauti ni malezi. Vile vya juu vimepasuliwa na barafu, maji yanaingia kwenye nyufa, yanaganda, yanatanuka, yanachonga ncha. Haya ya chini yalizikwa udongoni yakaliwa kona zake taratibu na unyevu, kisha udongo ukaondoka. Hata mawe ya Mwanza yalitengenezwa hivyo hivyo. Ukitaka kuelewa granaiti inavyoweza kuwa sindano na kuwa yai, simama hapo ugeuze shingo tu.

Mashariki kuna simulizi nyingine ambazo hazipendezi lakini ziko njiani, na mimi huwa nasimama. Bonde hili la Owens Wapaiute, wenyeji wake wa asili, waliliita Payahuunadü, mahali pa maji yatiririkayo. Mwaka 1913 Los Angeles ilifungua mfereji wa kuyapeleka maji hayo mjini kwake, na Ziwa Owens likakauka likabaki bakuli la chumvi na vumbi. Kaskazini kidogo ya Lone Pine kuna Manzanar, kambi ambako kuanzia 1942 mpaka 1945 Wamarekani wenye asili ya Japani, zaidi ya 10,000, walifungiwa kwa kosa la asili yao. Mlima mzuri kuliko yote nchini ulikuwa pale mbele ya madirisha yao.

Sasa kuhusu kupanda. Njia ya Whitney huanzia Whitney Portal, mita 2,550 hivi, na kwenda na kurudi ni kilomita 35. Kuanzia Mei 1 mpaka Novemba 1 kuna kikomo cha watu kwa siku. Hata kama huna mpango wa kulala unahitaji kibali, na maombi ya bahati nasibu hupokelewa Februari. Binamu yangu, aliyewahi kufika Uhuru, alikuja na kifua mbele: "Mita elfu nne na mia nne? Hiyo kwetu ni kambi." Alilala kwangu Fresno, tukazunguka siku nzima, usiku huo huo akaanza kupanda. Saa nne asubuhi alikuwa amekaa juu ya jiwe anatapika. Kilimanjaro unapewa siku sita au saba za kuzoea. Hapa unatoka usawa wa bahari mpaka hewa nyembamba ndani ya saa 24 kwa sababu tu barabara ni nzuri. Laleni usiku mmoja au miwili Bishop, au kambini juu zaidi, kabla ya kujaribu chochote.

Kwa asiyetaka kuteseka, kuna bonde la Little Lakes, kwenye njia ya Rock Creek. Lami inakufikisha mita 3,100 hivi, halafu unatembea karibu tambarare kutoka ziwa moja hadi jingine, vilele vimekuzunguka. Nalipenda kuliko sehemu yoyote ya Sierra, na sijawahi kulipia mlango.

Pesa, msimu, na magoti

Yosemite hutoza dola 35 kwa gari, na Sequoia pamoja na Kings Canyon nao dola 35, kwa siku saba. Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani anaongezewa dola 100 kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea katika hifadhi hizi. Mkilalamika kumbukeni mgeni anavyolipa langoni Serengeti na ninyi mnavyolipa. Leo zamu yetu. Mashariki sehemu kubwa ni msitu wa taifa na ardhi ya umma bila geti, kwa hiyo familia ya watu wazima wanne kutoka Dar wana sababu ya mamia ya dola ya kuzunguka huko.

Chakula na malazi mashariki ni moteli za miji midogo, za kawaida, safi, na mikahawa inayofunga mapema. Ndani ya Yosemite ni ghali na hujaa miezi kabla.

Mwezi wa tano na wa sita ni wa Yosemite, kwa ajili ya maji. Julai ni ya mbu kila mahali penye majani mabichi, na ni ya Sequoia kama mna watoto, kwa sababu kivuli kipo. Lone Pine wakati huo inapita nyuzi 37 na kuna ngurumo za alasiri vileleni ambazo hazina mzaha juu ya mwamba mtupu. Agosti na Septemba moshi wa moto unaweza kuharibu yote, upande wowote. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba nendeni mashariki, miti ya aspen kando ya vijito vya Bishop inageuka njano, wageni wamerudi makazini. Majira ya baridi beba minyororo ya matairi, na kama hujawahi kuendesha kwenye theluji usijifunzie huko.

Kwa wazee wenye magoti, Yosemite inaongoza kwa mbali. Sequoia inadanganya: njia ya kwenda General Sherman inateremka vizuri kabisa, mama anatembea anaimba, halafu kurudi ni kupanda, na uko zaidi ya mita 2,000. Majira ya kiangazi kuna basi linalochukua watu chini. Msione haya kulipanda.

Kwa hiyo dada, nimeshaamua. Mnakuja katikati ya Mei, Tioga itakuwa imefungwa, magoti ya mama ni yale yale. Jumanne na Jumatano tunalala Yosemite, nimepata chumba nje ya geti. Ijumaa tunakwenda Sequoia asubuhi na kurudi jioni. Mashariki nitakupeleka wewe peke yako ukiongeza siku tatu, mama amesema Bugando anaijua.

Dagaa leteni. Kabati la chuma lipo.